Bibi Anaita

Inspekta alipofika ziwani, wapiga mbizi walikuwa wanapakia. Mitungi ya hewa ilikuwa tayari ndani ya gari na kiongozi wao alikuwa ameketi kwenye jiwe, anakunja kamba. Mtu hakunji kamba kama kazi bado ipo.

"Nani kakwambia uondoke?" Inspekta aliuliza.

"Mkuu wako." Kiongozi wa wapiga mbizi alikuwa mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kukwaruza. "Kapiga simu. Siku tatu zinatosha, kasema. Na mimi nakubaliana naye, afande. Huyo dada hayumo."

"Unataka kusema hamjamwona."

"Nataka kusema hayumo. Haya maji yanapashwa moto na mlima kutoka chini. Mtu akizama humu, haraka sana anaibuka mwenyewe, bila kuitwa. Tumepapasa kote. Chini ni tope na chupa za soda." Aliifunga kamba fundo, akajipiga kofi shingoni kuua mbu. "Na hili joto. Tangu tumefika, hakuna upepo hata wa kufukuza nzi."

Inspekta aliyatazama maji. Yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sufuria. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na mlima mfupi, mweusi, uliokatwa kichwa, na mvuke uliotoka juu yake ulipanda wima kama moshi wa jiko.

Ilikuwa safari ya watu wavivu, na tangazo kwenye kibanda cha tiketi lilisema hivyo hivyo kwa maneno matamu zaidi: asubuhi unapanda volkano, adhuhuri unateremka ziwani, unaogelea, unakula, jioni uko kwako. Watoto walipanda. Wajawazito walipanda. Jumamosi walikuwa wamepanda wafanyakazi wa ofisi moja ya bima pamoja na wenzi wao. Mmoja wa wenzi hao, mwanamke ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, hakurudi. Taulo lake, gauni, ndara, pochi na simu vilikutwa vimepangwa ufukweni. Mumewe alisema alimwacha akiingia majini, akaenda kuagiza chakula. Kiongozi wa mlima alisema wageni wote walishuka salama. Kwa hiyo amezama. Inspekta alikuwa ametumwa aandike hivyo na kulifunga jalada kabla jua halijazama.

"Kuna tatizo moja dogo, afande," alisema Koplo, aliyekuwa zamu hapo tangu Jumamosi. "Mama wa marehemu."

"Marehemu ameonekana?"

"Hapana."

"Basi usimwite marehemu."

"Mama yake, basi. Yuko pale kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, hatoki. Analilia viatu. Nadhani akili imeyumba kidogo."

Mama mwenyewe hakuwa analia. Alikuwa amekaa wima kwenye benchi, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Kwa leo, ndiyo."

"Basi nipe viatu vyangu."

Inspekta aliketi kando yake. "Viatu gani?"

"Buti. Za kahawia, kamba nyekundu. Nilikuwa afisa mifugo, nimezunguka nazo kwenye mazizi ya watu miaka yote, hazijafa. Ijumaa nikamwazima. Nikamwambia, Chiriku, ukinirudishia na matope nitakuchapa na ukubwa wako huo." Alisema bila kutabasamu. "Jumamosi jioni nikafika hapa, nikaonyeshwa vitu vyake. Buti hazimo. Nimemuuliza mkwe wangu. Kaniambia, mama, mtu amekufa wewe unauliza viatu. Nimemuuliza huyu wako." Alimwonyesha Koplo kwa kidevu. "Kaniletea maji ya kunywa."

Koplo alitazama pembeni.

"Sililii viatu," mama alisema. "Ninauliza viko wapi. Hayo ni mambo mawili."

"Unalala wapi, mama?"

"Wamenipa chumba nyumba ya wageni. Silali. Jioni ananiita."

"Nani?"

"Chiriku. Anaita 'Mama', ananyamaza, anaita tena." Kidevu kilipanda, kikaliacha ziwa, kikasimama mlimani. "Kutoka kule."

Koplo alikohoa. Alimvuta Inspekta pembeni, akashusha sauti. "Huyo ni Bibi, afande."

"Bibi gani?"

"Matundu ya mvuke. Jioni yanalia kama mtu. Viongozi wa mlima huwaambia wageni eti ni bibi kizee anaita mbuzi wake. Mimi nimezaliwa hapo ng'ambo. Tulikuwa tunatishiwa naye, lala, Bibi anaita. Tumemweleza mama. Haelewi."

"Nionyeshe vitu vya Chiriku."

Vilikuwa kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya gari. Inspekta alivitandaza kimoja kimoja juu ya boneti. Taulo lilikuwa kavu, bado lina mikunjo ya pasi. Ndara zilikuwa safi.

"Koplo, ukienda kuogelea unavua nini?"

"Kila kitu. Yaani, karibu kila kitu."

"Unaanza na nini?"

"Viatu."

"Viko wapi?"

Koplo aligusa ndara. Inspekta alimtazama tu, mpaka akauondoa mkono.

"Labda buti ziliibwa," alisema haraka. "Wezi hapa hawakosekani. Nina jamaa mmoja nimemweka ndani tangu Jumapili, nilimkuta na viatu vya watu watatu."

"Buti zilikuwemo?"

"Hapana. Lakini anaweza kuwa ameshaziuza."

"Huyo mwizi aliikuta simu, akaikuta pochi, akaviacha. Akabeba buti kuukuu zenye jasho la mtu mwingine." Inspekta alianza kurudisha vitu mfukoni. "Hata wizi una akili yake. Hivi vyote ni vitu vya kwenye mkoba, Koplo. Vya kutumia ziwani. Alichopanda nacho mlimani hakipo hata kimoja. Si buti, si suruali, si soksi. Mkoba aliubeba nani?"

"Mume. Alisema alimsaidia tangu mwanzo."

"Niitie huyo kiongozi wa mlima."

Kiongozi wa mlima aliitwa Fimbo na kila mtu, mpaka na mkewe. Walimkuta chini ya mteremko wa majivu, mahali wageni wanapotokea wakiserereka kutoka juu, anafuta magongo kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na meno mazuri. Siku hiyo meno hayakuonekana.

"Wote walishuka," alisema kabla hajaulizwa.

"Uliwaona?"

"Fimbo zilitimia."

"Sikuuliza fimbo."

Alieleza, na mikono yake ikaeleza pamoja naye. Kila mgeni hupewa gongo asubuhi. Kwenye majivu huwezi kupanga watu mstari. Kila mtu anateleza kwa mwendo wake, wengine kwa makalio. Kwa hiyo kiongozi hutangulia, husimama chini, hupokea gongo la kila anayefika na kulichomeka kwenye ubao wenye matundu. Ubao ukijaa, watu wamekwisha.

"Marehemu baba alifanya hivyo, na mimi nafanya hivyo," Fimbo alisema. "Hatujawahi kupoteza mtu."

"La Chiriku ulipewa na nani?"

Kitambaa cha Fimbo kilisimama katikati ya gongo.

"Mumewe alishuka wa mwisho," alisema taratibu. "Alikuwa nayo mawili. Akaniambia mke wangu ameshapita, amebanwa, kakimbilia chooni."

"Ulimwona akipita?"

"Nilikuwa nimewageukia wageni. Nilikuwa nawapigia hadithi ya Bibi."

"Kwa hiyo ulihesabu miti."

Fimbo aliutazama ubao wake kana kwamba umemtukana.

Mume wa Chiriku walimkuta kwenye baraza la nyumba ya wageni, shati limenyooshwa, begi limefungwa miguuni. Alisimama kwa adabu.

"Karibu, afande. Nimeambiwa leo mnamaliza. Ningependa nimrudishe mama nyumbani, watu waanze kukusanyika."

"Viatu vya mkeo viko wapi?"

"Na wewe pia?" Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mama ametuambukiza wote. Sijui, afande. Labda vimeibwa."

"Labda."

Inspekta alivuta kiti, akaketi. Mume alitazama saa yake. Alilisogeza begi kwa mguu, akalirudisha.

"Tumempata," alisema Inspekta.

Kutoka kwenye baraza lile ziwa lote lilikuwa mbele yake, maji mpaka kwenye ngazi. Mume hakuyatazama. Aligeuza shingo nyuma, juu, kule kwenye mvuke.

"Amesema nini?" aliuliza.

Koplo, aliyekuwa ameegemea nguzo, alisimama wima.

"Watu waliozama hawasemi," Inspekta alisema. "Keti. Uko chini ya ulinzi. Sasa niambie ni wapi."

Alikaa. Alianza na neno ambalo angelirudia mpaka jioni. "Sikumsukuma. Sikumsukuma, afande. Tulikuwa tumegombana njia nzima, alisema akirudi mjini anahama. Tukabaki nyuma ili wenzangu wasisikie zaidi. Akavuka kamba ya tahadhari, akaenda upande wa mvuke, hataki kunisikia. Ardhi ikafunguka. Nikamwita. Hakujibu. Nikajua amekufa."

"Ukajua."

"Nikadhani."

"Mtu akidhani mkewe amekufa hupiga kelele. Wewe uliokota gongo lake, ukateremka, ukamtandikia taulo."

"Wangesema nimemsukuma. Wote walitusikia tukigombana."

"Na jioni, ulipomsikia akiita?"

Mume alijifuta mdomo kwa kiganja. "Nani hakumsikia?" alisema. "Wote walisema ni Bibi."

Inspekta alimwacha Koplo na pingu, akatoka mbio. Kiongozi wa wapiga mbizi alikuwa ameshawasha gari. Hakuuliza maswali, alizima, akaitupa ile kamba begani, akamwita mwenzake mmoja abebe machela. Chini ya mteremko walimchukua Fimbo, akatangulia.

Njia ilikuwa rahisi, kama tangazo lilivyoahidi. Ngazi za udongo, kamba ya kushikia, kibao cha kumwambia mgeni apumzike na kupiga picha. Inspekta alipanda akihema, viatu vya ofisini vikijaa changarawe nyeusi.

"Huyo Bibi wako," alisema, "anaita lini?"

"Jioni. Upepo ukigeuka unaingia kwenye matundu."

"Jana aliita?"

"Aliita. Si sana. Juzi ndiyo aliita sana."

"Jana kulikuwa na upepo?"

Fimbo alisimama. Mbele yao mvuke ulikuwa unapanda wima, haupindi kulia wala kushoto, kama ulivyokuwa asubuhi, kama ulivyokuwa jana na juzi. Aliutazama. Kisha akaanza kukimbia.

Mahali penyewe palikuwa hatua chache nje ya kamba. Udongo ulikuwa umebomoka duara, mpana kama mlango, na joto lilitoka humo likiwa na harufu ya kiberiti. Fimbo alilala kifudifudi ukingoni.

"Dada!" aliita. "Dada Chiriku!"

Shimo lilimrudishia sauti yake, nzito zaidi, kama ya mtu mzima aliyekasirika. Halafu kimya. Tone la maji lilidondoka mahali fulani chini, na baada ya hapo lingine.

Kiongozi wa wapiga mbizi alifunga kamba kiunoni na kuteremka. Taa yake ya kichwani ilizunguka kwenye mvuke, ikatulia.

"Yupo," alisema kutoka chini.

Walisubiri.

"Mguu umevunjika. Kaufunga kwa mkono wa shati, na kaokota kijiti kilichoporomoka naye, akakifanya gango la kushikilia mfupa. Mtu aliyejitunza." Sauti ilikwaruza, ikasafishwa. "Buti kazivua. Moja kaitega chini ya tone. Ina maji."

"Anapumua?" Inspekta aliuliza.

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Ana joto, afande. Lakini humu kila kitu kina joto. Ukuta una joto. Siwezi kukwambia. Inaweza kuwa jana. Inaweza kuwa leo, tulipokuwa tunapakia."

Fimbo alibaki amelala pale pale, paji la uso kwenye majivu, mpaka walipomwambia ashike kamba avute.

Kushuka kulikuwa kwa polepole kuliko kupanda. Wabebaji walikwepa majivu, wakapita njia ya ngazi. Walipofika ufukweni jua lilikuwa limeegemea upande wa pili wa ziwa na mama alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameiona machela inatokea wapi.

Inspekta alimwendea. Kazini alikuwa amejifunza kwamba habari ya kifo haipambwi. Ukiipamba, unayempa anaibeba mara mbili.

"Tumempata, mama. Mlimani. Alianguka kwenye shimo, mumewe akamwacha. Mumewe tumemshika. Mwanao amefariki."

Mama alipiga goti kando ya machela, akafunua shuka usoni, akafuta majivu kwenye nyusi kwa kidole gumba. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, jicho moja, kisha jingine. Halafu akaishika miguu.

"Alikufa alipoanguka?"

Koplo, aliyekuwa amemfungia mume garini, alimtazama Inspekta kwa macho ya kuomba. Kulikuwa na jibu jepesi, na watu wote pale walikuwa wanalitaka.

"Hapana," Inspekta alisema. "Alikuwa hai. Sijui mpaka lini. Alikinga maji, akanywa. Alikuwa anaita."

"Nilisema."

"Ulisema."

"Nilisema Jumamosi," mama alisema. "Nikasema Jumapili. Mkanishika mikono, mkanirudisha ndani. Mkanipa chai."

Fimbo alikuwa amesimama nyuma ya wabebaji, kofia mkononi. Alisogea mbele, akapiga magoti mawili mchangani. "Mama. Nilimsikia. Siku zote nilimsikia, niko kwenye baraza langu nakula. Mke wangu akasema, leo Bibi anaita kama msichana. Mimi nikacheka."

Mama alimtazama kwa utulivu, kama alivyozoea kumtazama mnyama kabla ya kusema kinachomuua.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Ulitoka upande wa maji, wa kwanza baada ya siku zote hizo, ukakunja uso wa ziwa, ukainua pembe ya shuka. Mvuke wa mlimani ulilala upande mmoja. Na kutoka kule juu sauti ikaanza, nyembamba, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena.

Mpiga mbizi mmoja alitaja jina la Mungu.

"Huyo nani?" mama aliuliza.

"Ni Bibi, mama," Fimbo alisema. "Sasa ni Bibi kweli. Upepo umeanza."

"Wangu ni huyu, ameshafika." Aliirudisha shuka usoni mwa mwanawe, akaikandamiza pembe zote mbili. "Yule anayeita sasa simjui. Wewe unamjua?"

Fimbo alisikiliza. Sauti ilikuja tena, ikanyamaza kwa urefu wa pumzi, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

"Simjui," alisema.

"Basi panda ukamtazame."

Fimbo alimtazama Inspekta. Inspekta alichomoa tochi kwenye mkanda wa Koplo, akampa.

Fimbo alivaa kofia yake, akaanza ngazi. Walimwona kwenye kibao cha kupumzikia, hakupumzika. Wakamwona akivuka kamba. Kisha mvuke ukamfunika, na sauti iliendelea kuita, na ikawa kuna sauti ya pili, ya Fimbo, inayoijibu. Giza lilikuwa linaingia. Hakuna aliyemwambia arudi.